Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Akichezwa na Wengine?

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu wanalitenda kila siku, wazee wetu wanalilalamikia kila siku, lakini ni wachache wanaokaa chini kulitafakari. Jambo lenyewe ni hili la kuchukua wimbo wa zamani, kuukata kipande, kukitia ngoma za kompyuta na kuimba maneno mapya juu yake. Vijana wanaita "remiksi". Wazee wengi wanaita wizi. Na katika mkoa huu wa Tanga, wenye hazina kubwa ya taarabu, dansi na mashairi, ubishi huo unasikika kuanzia barazani Ngamiani mpaka kwenye mabweni ya wanafunzi.

Mimi nasema kwamba pande zote mbili zina haki nusu. Ili tuipate ile nusu nyingine, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kutazama mji huu umekuwa ukiazima vipi, ukitunga vipi, na ukimlipa vipi mwenye chake. Maana kuazima hakukuanza na kompyuta.

Tuanze na wanafunzi wenyewe. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga, ambayo ilikuja kuwa mashuhuri katika koloni lao lote. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa gazeti la Kiswahili la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Shule hiyo pia ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya wanafunzi. Makusudi ya wakoloni yalikuwa watoto wapige nyimbo za kijeshi za Kijerumani katika sherehe za serikali. Lakini mtoto akishajua kupuliza tarumbeta huwezi kumchagulia la kupuliza akiwa nje ya lango la shule.

Wakati huohuo ngoma ya beni, iliyochipuka katika miji ya Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa inashuka pwani. Beni ilichukua gwaride la wazungu, ikachukua sare, ikachukua vyeo kama kingi na jenerali, ikachukua ngoma kubwa na matarumbeta. Kisha ikavichanganya vyote na mashindano ya mitaa ambayo Waswahili walikuwa nayo kabla hata meli ya Mjerumani haijatia nanga. Vikazaliwa vyama viwili vilivyoenea Tanganyika nzima, yaani Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa daraja la juu, makarani na waliosoma. Arinoti wakawa chama cha watu wa kawaida. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni mpaka bara.

Naitaja beni kwa sababu moja. Hakuna aliyesema kwamba watu wa pwani waliiba gwaride la Mjerumani. Walilichukua wakaligeuza mpaka likawa kitu kingine, kitu ambacho Mjerumani mwenyewe hakukielewa na wakati mwingine alikiogopa. Basi mtu anayedhani kwamba kugeuza cha mwenzio ni tabia mbaya ya vijana wa leo, ajue kwamba babu zake walicheza beni.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni Shaaban Robert. Mshairi huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga, mwaka 1909, na alifariki Juni 1962. Kila mtoto wa shule anamjua kuwa ni mtunzi. Lakini wangapi wanajua kwamba alikuwa pia fundi wa kugeuza? Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake cha Omar Khayyam kwa Kiswahili. Khayyam alikuwa Mwajemi aliyekufa zaidi ya miaka 800 kabla ya kitabu hicho. Mwingereza Edward FitzGerald alizigeuza rubai zake kwa Kiingereza mwaka 1859, na kutoka Kiingereza hicho karani wa Tanga akazileta katika Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1952 kikatoka Adili na Nduguze. Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataitambua mara moja hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili. Shaaban Robert aliichukua ngano ile, akaipa nchi mpya, majina mapya na mafundisho yake mwenyewe juu ya husuda na subira.

Je, alikuwa mwizi? Hasha. Khayyam hakuwa na mrithi wa kudai, FitzGerald alikwisha kufa mwaka 1883, na ngano za Alfu Lela zilikuwa mali ya kila mwenye masikio. Zaidi ya hayo, kitabu chake kilitangaza jina la Khayyam jaladani, kila mtu alione. Na mwaka 1958 alipotoa Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyekwenda kutia sauti yake katika santuri huko Bombay mwaka 1928, alifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria wakati ule. Aliandika maisha ya mwenye sauti, ili sauti isije ikabaki bila mwenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kanuni ya zamani. Washairi wa pwani tangu kale wamekuwa wakijibizana. Mmoja anatunga, mwingine anajibu kwa vina vilevile na mizani ileile, wa tatu anaingia kati kuamua. Magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalijaa mashairi ya namna hiyo. Kila mmoja alikuwa akijenga juu ya msingi wa mwenzake. Lakini tazama beti za mwisho: mara nyingi mtunzi anataja jina lake, au lakabu yake, na mji anaotoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa hakimiliki yetu kabla ya kuwapo kwa ofisi ya hakimiliki. Ukimjibu mtu, unamtaja. Ukichukua lake bila kumtaja, unaaibika mbele ya watu wanaojua.

Sasa tuje kwenye taarabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanga ilitoa kikundi cha Black Star Musical Club, na baadaye kidogo kikatokea Lucky Star. Vikundi hivi vilifanya mageuzi makubwa. Taarabu ya Unguja ilikuwa ya watu wengi, yenye fidla, udi na kanuni, na sikio lake lilielekea Misri. Watu wa Tanga wakapunguza idadi ya wapigaji, wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakakaribisha mwendo wa rumba uliokuwa ukipigwa jirani yao na bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kutoka kwenye majumba ya sinema wakazi wa pwani ya kaskazini, kuanzia Mombasa hadi Tanga, walipata pia sauti za filamu za Kihindi, wakazitia maneno ya Kiswahili. Sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, iliyopita katika vikundi vyote hivyo viwili, ikaipeleka taarabu hiyo mpya Kenya nzima na Tanzania nzima. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Black Star na Lucky Star kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya.

Kwa hiyo taarabu ya Tanga, hii tunayoililia leo kwamba vijana wanaiharibu, nayo ni mchanganyiko. Ilikatwa hapa ikaungwa pale.

Lakini, ndugu msomaji, kuna tofauti moja ambayo hatuwezi kuiruka. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Katika shughuli ya taarabu mwimbaji alipogusa moyo wa mtu, mtu huyo aliinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza noti palepale mbele ya umma. Haki ya msanii haikuhitaji mwanasheria. Wimbo na mwimbaji walikuwa pahali pamoja, na aliyefurahi alimwona aliyemfurahisha.

Santuri ilipokuja iliwatenganisha. Wimbo ukaweza kwenda Kisumu au Kigoma na mwimbaji akabaki Tanga. Nchini mwetu hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo nyimbo za kuuzwa zilipitia makampuni ya Mombasa na Nairobi. Mwimbaji alilipwa kidogo siku ya kurekodi, na santuri zilizouzwa baada ya hapo alizisikia kwa jirani tu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Fikiria hali ya mwanamuziki wa Tanga katika miaka hiyo sita na ushei. Studio zilizochukua sauti yake ziko ng'ambo ya Horohoro, vitabu vya hesabu viko hukohuko, naye hana njia ya kwenda kuuliza.

Katika kipindi hichohicho ikaenea kanda ya kaseti. Kanda ilikuwa neema kwa msikilizaji na msiba kwa msanii. Mtu mwenye redio kaseti mbili alikuwa na kiwanda mezani. Wimbo mmoja uliorekodiwa redioni ulizaa kanda mia sokoni, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mtunzi. Mara nyingi ilikuwa na jina la duka. Hapo ndipo ile kanuni ya washairi, ya kumtaja mwenzio, ilipovunjika. Waliovunja hawakuwa wanafunzi wala vijana wa kompyuta. Ni sisi watu wazima, wauzaji na wanunuzi.

Matokeo ya kuvunjika huko yanaonekana katika wimbo maarufu kuliko zote za Kiswahili, Malaika. Mkenya Fadhili William aliurekodi, ukapata jina duniani, ukaimbwa na Miriam Makeba na hata kikundi cha Boney M. Lakini Adam Salim naye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga zamani zaidi. Fadhili alifariki mwaka 2001, na mpaka leo watu wanabishana. Wimbo umeimbwa mabara yote, na wenyewe wa Afrika Mashariki hatukubaliani umtaje nani. Kama jina lingeandikwa mahali mapema, ubishi usingezeeka hivi.

Sheria nayo imetembea polepole. Baada ya uhuru tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966. Mwaka 1994 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Berne, ule unaozifanya nchi ziheshimiane kazi za watunzi wao. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA ikaanza kazi mwaka 2001. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Mwaka 2022 mambo yakapangwa upya, COSOTA ikawa ofisi ya serikali ya kusimamia hakimiliki, na kazi ya kukusanya mirabaha ikafunguliwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe.

Sheria hiyo ya 1999, ukiivua joho lake la Kiingereza, si ngeni sana kwetu. Inasema mtunzi ana haki ya kutajwa. Inasema anayetaka kuigeuza kazi ya mwenzake, kuitafsiri au kuipanga upya, aombe ruhusa kwanza. Inasema haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kisha kazi inakuwa ya umma. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi, na kutumia kazi kama mfano wa kufundishia, mradi chanzo na jina vitajwe. Na mageuzi yakifanywa kihalali, inamlinda pia yule mgeuzaji kwa jasho lake jipya.

Hebu tulifanyie jambo hili mazoezi. Tuseme kuna kundi la wanafunzi wa sekondari mjini Tanga. Wanataka kutengeneza mchezo wa redio wenye muziki, wauchanganye wa kale na wa kisasa. Wafanyeje?

Kwanza, wanaweza kuchukua Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, wakakikata, wakakigeuza, wakakiimba kwa mtindo wa kufoka. Mwandishi alifariki 1962. Hata ukihesabu kwa kipimo hicho kirefu cha miaka 50, ulinzi haukuweza kuvuka mwisho wa mwaka 2012. Kitabu hicho sasa ni urithi wa kila Mtanzania. Ila wajihadhari wasichukue michoro au maelezo ya mhariri aliye hai yaliyoongezwa katika toleo jipya, maana hayo yana mwenyewe.

Pili, wakitaka kipande cha wimbo wa Black Star kilivyo katika santuri, hapo wamekutana na watu watatu kwa mpigo. Yuko aliyetunga maneno na sauti. Wako walioimba na kupiga. Na yuko aliyelipia studio. Kila mmoja ana haki yake. Shakila alifariki Agosti 2016, lakini kifo cha mwimbaji hakifuti haki hizo. Wakitumia kipande hicho darasani kujifunzia, sheria inawapa nafasi. Wakikipeleka redioni au kukiuza kwenye simu, waombe ruhusa. Njia nyingine ni kuupiga muziki wenyewe upya. Watakuwa wamepunguza mlango mmoja au miwili ya kubisha, lakini mlango wa mtunzi bado upo.

Tatu, wakitaka ngoma ya asili, kwa mfano mdumange, wasidhani kwamba kwa kuwa haina mtunzi anayejulikana basi haina mwenyewe. Sheria inazilinda sanaa za jadi pia, na anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Najua msomaji mmoja atanipinga. Atasema, mwanafunzi anatoa wapi fedha za kulipia ruhusa, na hata akizipata, atamtafuta nani? Pingamizi hilo ni zito, na sehemu yake ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Fedha zinaweza kujadiliwa; mzee mwenye wimbo anaweza hata kusema, wajukuu zangu, uimbeni, nitajeni tu. Lakini huwezi kujadiliana na mtu usiyejua jina lake. Na kwa nyimbo nyingi za pwani, hasa zile zilizopita katika kanda, tunamjua mwimbaji, tunakijua kikundi, lakini aliyeandika shairi hatumjui, wala aliyepiga lile gitaa ambalo vijana wanalikata leo na kulizungusha kwenye biti zao.

Ndiyo maana siafiki elimu ya hakimiliki inayokuja shuleni kama karipio la polisi, iorodheshe makosa na faini, kisha iondoke. Kijana anayeambiwa tu kwamba asiguse ataacha kugusa cha kwao na atagusa cha Marekani, kwa kuwa cha Marekani kiko mbali na hakuna wa kumkaripia. Tutakuwa tumelinda taarabu kwa kuizika. Na vilevile siafiki wale wanaosema kila kilichoko kwenye intaneti ni cha bure. Hao wanarudia dhambi ya kanda ya kaseti kwa chombo chenye kasi zaidi.

Napendekeza jambo ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Kila kundi la wanafunzi linalotaka kutumia wimbo wa zamani lianze kwa kumtafuta mwenyewe kwa miguu. Liende Ngamiani, liende Chumbageni, livuke mpaka Pangani na Muheza. Waliopiga katika vikundi vile wamebaki wachache, na wana umri mkubwa. Wanafunzi waulize: nani alitunga maneno? Nani alipiga gitaa? Mlirekodi wapi, mwaka gani, mkapewa nini? Waandike katika daftari, wasomewe wazee wasahihishe, nakala moja ibaki kwa familia na nyingine iwekwe maktaba. Walimu wa Kiswahili na historia waitoze kazi hiyo alama kama insha nyingine yoyote. Kisha ndipo wakae kwenye kompyuta yao na kukata watakavyo, kwa ruhusa, na mwisho wa wimbo wataje majina kama washairi walivyokuwa wakitaja beti za mwisho.

Kazi hiyo itamfundisha mwanafunzi sheria kuliko mihadhara kumi, kwa sababu mwenye haki atakuwa na uso. Itampa mzee ushahidi atakaouhitaji siku mirabaha ikigawiwa, maana mirabaha hugawiwa kwa waliosajiliwa, na husajiliwi kwa kumbukumbu za jirani. Na itawapa vijana muziki bora, kwa kuwa aliyekaa na fundi hujua kwa nini uzi ulipitishwa pale.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vijana wetu wanyimwe sifa wasiyostahili, lakini wapewe haki yao ya kuendeleza mchanganyiko ambao ndio uliouumba mji huu. Na wazee wetu wasiachwe wakasikia sauti zao zikipita mtaani kwenye spika za bodaboda huku jina lao halitajwi na mtu. Daftari na kalamu vinatosha kuanza. Kisichosubiri ni umri wa hao wanaokumbuka.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.